Timeanddate.com: zana ya kugeuza saa inayoanza na tarehe

Zana za kugeuza saa zimejaa mtandaoni, na nyingi zinakosea mahali pamoja: zinachukulia tofauti ya saa kati ya miji miwili kama kitu kisichobadilika. Inabadilika. New York na London hutofautiana kwa saa 5 sehemu kubwa ya mwaka, lakini mwaka 2026 kuanzia Machi 8 hadi Machi 29 tofauti ni saa 4, kwa sababu Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja, kwa ajili ya majira ya joto, Jumapili ya pili ya Machi na Uingereza husubiri Jumapili ya mwisho. Hali hiyo hurudi kwa wiki moja, Oktoba 25 hadi Novemba 1. London na Sydney ndiyo jozi ngumu zaidi, maana huku wakisogeza mbele, kule wanarudisha nyuma. Mwaka mmoja unakuwa na tofauti tatu: saa 11, 10 na 9. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu zana yoyote ya aina hii ni kama inataka tarehe kabla ya kukupa jibu. Timeanddate.com, tovuti ya Norway iliyoanzishwa na Steffen Thorsen, inaitaka, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipendekeza.

Saa zote hapa zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24.

Kwenye tovuti hiyo, anza na Time Zone Converter, zana ya kugeuza saa. Andika mji unaotoka, weka tarehe na saa, kisha ongeza miji unayoitaka. Ijaribu kwa Machi 10, 2026, saa 10:00 ya New York. Utapata London 14:00 na Delhi 19:30. Sasa rudisha tarehe hadi Machi 3 bila kugusa kingine: London 15:00, Delhi 20:30. Delhi haijasogea hata dakika moja, ni New York iliyohama. Aliyekariri kwamba kwenda Delhi unaongeza saa kumi na nusu ataingia kwenye kikao cha Machi 10 akiwa amechelewa saa nzima.

Wakati wa kuchagua mji, soma na jina la nchi. Iko Birmingham ya Uingereza na Birmingham ya Alabama, na kuna London ya Ontario inayofuata saa za Toronto. Halafu achana na vifupisho vya kanda za saa. CST inaweza kuwa ya Marekani ya kati, UTC−6 (saa 6 nyuma ya UTC, saa ya msingi ambayo kanda zote hupimwa kwayo), au ya China, UTC+8: hapo pana pengo la saa 14. IST hutumiwa na India, Israel na Ireland. Hata EST, saa ya kawaida ya New York, ina mtego wake, kwani watu huendelea kuiandika mwezi wa Julai wakati New York ipo kwenye EDT, saa ya majira ya joto, saa moja mbele. Ukipewa saa yenye kifupisho tu, muulize aliyekutumia yuko mji gani.

Sehemu bora ya tovuti hii ni Meeting Planner. Unachagua tarehe na miji, nayo inakupa jedwali lenye saa ya UTC upande mmoja na saa za kila mji mbele yake, kwa rangi: kijani kwa saa za kazi, njano kwa saa za pembeni, nyekundu kwa saa za kulala. Weka San Francisco, London na Sydney kwa siku yoyote ya Julai. Hutapata mstari hata mmoja wenye kijani tatu, na ni vizuri ukweli huo uonekane mapema kuliko kubishana kwa barua pepe wiki nzima. Mistari miwili inavumilika. Saa 21:00 UTC ni 14:00 San Francisco, 22:00 London na 07:00 Sydney, siku inayofuata. Saa 06:00 UTC ni 07:00 London na 16:00 Sydney, ila San Francisco ni 23:00 ya siku iliyotangulia. Timu yenye haki hubadilishana: wiki hii mstari wa kwanza, wiki ijayo wa pili, ili asikeshe mtu yuleyule kila mara. Na uangalie siku, si saa peke yake. Ijumaa saa 14:00 San Francisco ni Jumamosi asubuhi Sydney.

Kasoro ya jedwali hili ni mbili. Halijui zamu yako, hivyo kwa anayefanya kazi usiku rangi zake hazina maana. Na ukirundika miji mingi, kulisoma kwenye simu kunakuwa kazi, kwa hiyo gawanya au tumia kompyuta. World Time Buddy, zana nyingine ambayo hupanga saa za kila mji katika mstari mmoja chini ya mwingine, ni nyepesi zaidi machoni ukiwa na miji miwili au mitatu.

Ukishapata saa, itangaze kwa Event Time Announcer. Inatengeneza kiungo ambacho kila anayekifungua anaona saa hiyo ikiwa imegeuzwa. Kabla ya kukisambaza, kisome: ndani yake tarehe na saa huandikwa wazi, mfano iso=20260310T10, yaani Machi 10, 2026, saa 10:00 ya mji uliouchagua. Ukaguzi huo wa sekunde chache unanasa makosa ya tarehe kabla hayajawafikia watu.

Kuna saa ambazo hakuna zana itakayoziokoa. Machi 8, 2026, New York haina saa 02:30, kwani saa inaruka kutoka 02:00 kwenda 03:00. Novemba 1, saa 01:30 inapita mara mbili, kwanza ikiwa 05:30 UTC na tena 06:30 UTC. Usipange kazi yoyote ya kompyuta ndani ya saa hizo, au ipange kwa UTC.

Jambo linalosahaulika ni umri wa data. Simu na kompyuta huhifadhi sheria za saa ndani yake na huzipata upya kupitia masasisho. Kifaa kisichosasishwa hubaki na sheria za zamani. Kipimo rahisi: ongeza Almaty kwenye saa ya dunia ya simu yako. Kazakhstan iliunganisha nchi nzima kuwa UTC+5 tarehe 1 Machi 2024, kwa hiyo ikionyesha UTC+6 data yako imepitwa. Mexico City nayo inapaswa kuwa UTC−6 hata Julai, kwa kuwa Mexico iliacha kusogeza saa katika sehemu kubwa ya nchi mwaka 2022. Kwenye timeanddate.com kila mji una ukurasa wenye orodha ya mabadiliko ya saa mwaka kwa mwaka, na hapo ndipo pa kuhakikisha simu na kalenda zinapobishana. Tovuti inahitaji intaneti, na matangazo yake yanajaza kurasa.

Mtandao ukikosekana, pitia UTC kwa mkono. Kathmandu ni UTC+5:45, hivyo 09:20 ya huko ukitoa 5:45 unapata 03:35 UTC. Los Angeles mwezi wa Julai ni UTC−7: toa saa 7, upate 20:35 ya jana. Kosa la kawaida ni kutoka mji hadi mji moja kwa moja na kupoteza zile dakika 45, au kusahau kubadili tarehe.

Kwa vikao vinavyojirudia, kiweke kikao kwenye kalenda kwa ukanda wa saa wa mji mmoja na uwaambie wote ni upi. Kikifungwa kwa New York, wa London watakiona kikiwahi saa moja kwa wiki tatu za Machi. Kikifungwa kwa UTC, kitahama kwa kila mji unaosogeza saa. Kwa mwisho wa kupokea maombi, andika 23:59 pamoja na UTC na tarehe. Saa 00:00 ya Ijumaa huwachanganya watu, wengine wakidhani ni mwisho wa Ijumaa ilhali ni mwanzo wake.