Jagi la plastiki na daftari la kuandika mkojo, naleta mrejesho

Jamani hasa wadada mliozaa, hii nasema bila aibu maana imenitesa miaka miwili. Baada ya mtoto wa tatu nikipiga chafya tu mkojo unaponyoka, na nikifika mlangoni nahangaika na funguo ndo kabisaa, naloa.

Dada wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya misuli na viungo) hakunipa dawa. Kaniambia tafuta jagi lenye vipimo, andika siku tatu umekunywa nini, umekojoa mililita ngapi saa ngapi, ulibanwa kiasi gani, na ukivuja ulikuwa unafanya nini. Nikaanza na app moja ya simu, siipendekezi, yote Kiingereza, orodha yake ya vinywaji haina uji wala chai ya maziwa, halafu kikumbusho kikatokea kwenye kioo nikiwa namuonesha bosi picha. Nikafuta nikachukua daftari la mtoto na jagi la lita moja la sokoni, chagua lenye namba zilizochongwa maana za kuchapwa zinafutika, na uliwekee alama lisirudi jikoni.

Daftari likasema hivi: saa 12 asubuhi mililita 380. Saa 1 kabla sijatoka, 70. Saa 2 na robo, 90. Yaani mara 14 kwa siku na nyingi sikubanwa hata, naenda tu nisije nikaaibika kwenye daladala! Kumbe kibofu cha mtu mzima kinabeba 400 na zaidi, mimi nimekizoesha kulia kikiwa na robo tu. Na ile ya mlangoni karibu zote zimefuata chai, nilikuwa nakunywa vikombe vinne huku maji nayakwepa, kumbe mkojo mzito nao unakichokoza kibofu.

Dada kusoma tu kaniambia una shida mbili sio moja, chafya ni misuli ya chini inayoshikilia kibofu imelegea, mlangoni ni kibofu kinajikaza mapema. Kwa hiyo mazoezi ya kubana misuli hiyo mara 8, asubuhi mchana jioni, miezi mitatu bila kuacha, na choo nachelewesha dakika 15, nikizoea naongeza.

Kasoro yake kazini huwezi kupima, mimi nilichukua wikiendi na siku ya off. Na ukiona damu au unaungua ukikojoa usikae na daftari, nenda hospitali.

Niko wiki ya 10, chafya bado inatoa matone ila choo ni mara 8, na juzi nimetoka Dar mpaka Moro kwenye basi sijaomba kushuka.