Waliotuhamishia data Tabora: nilikuwa nawapa nyota tatu

Mfumo wa malipo umesimama mchana kweupe, msimu wa tumbaku, wakulima kutoka Urambo na Sikonge wamejaa kwenye mabenchi. Fundi wa kampuni iliyolipwa kuhamisha data zetu kutoka storeji (mashine ya diski za kutunzia data) ya zamani kwenda mpya bila mfumo kusimama ananijibu: "Mzee wangu, hii kazi tumeifanya Dar kwenye taasisi kubwa kubwa. Shida ni umeme wenu wa huku."

Umeme ulikatika, sikatai. UPS (betri ya akiba) ya swichi ya kwanza, kifaa cha mtandao kinachounganisha seva na storeji, ilishindwa kubeba, swichi ikazima. Lakini swichi mbili zilinunuliwa za nini? Storeji mpya ina kontrola mbili (bodi zinazoiendesha), kila moja na swichi yake, na seva ina kadi mbili za mtandao. Swichi moja ikifa, data inapita ya pili na mtu wa dirishani hajui lolote. Haikupita. Swichi ya kwanza ilipowaka, mfumo ukarudi, na kijana akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Kosa lenyewe ni hili. Walipandisha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data kwa baiti, hadi 9000 kwenye seva, kwenye storeji na kwenye swichi ya kwanza. Swichi ya pili wakaiacha 1500. Kosa la namna hii halionekani kwa macho. Seva inaingia kwenye storeji kwa iSCSI (njia ya kutumia diski kupitia mtandao) bila tatizo, diski inaonekana na ukubwa wake, na ukiandika `multipath -ll`, amri ya kuonyesha hali ya njia za kwenda kwenye diski, njia zote mbili zinasoma "active ready", kwa sababu kinachokagua njia ni ujumbe mdogo tu, na ujumbe mdogo unapita swichi yoyote. Mzigo mkubwa ukija, swichi inautupa kimyakimya. Seva inangoja, inakata muunganisho, inaunganisha upya. Ujumbe mdogo unapita, njia inahesabiwa nzima, mzigo unarudishwa pale pale, unatupwa tena. Kwenye logi ni "ping timeout of 5 secs expired" inajirudia. Na kwa kuwa kipindi hicho data ilikuwa inaandikwa kwenye storeji zote mbili kwa pamoja, kila kilichoandikwa kililazimika kusubiri jibu la storeji mpya. Ya zamani ilikuwa nzima kabisa, nayo ikakwama kwa ajili ya mwenzake.

Kuligundua mapema ni amri moja kwa kila kadi: `ping -I eth1 -M do -s 8972`, kisha anwani ya kontrola. Ni 8972 kwa sababu kwenye 9000 unatoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP, itifaki inayotumiwa na ping. Hiyo `-M do` inazuia pakiti isigawanywe njiani. Ping ya kawaida hubeba baiti 56, itapita na kukudanganya. Ukimaliza hapo unachomoa kebo ya njia ya kwanza kwa mkono, usiku, data ikiwa inaandikwa, unatazama kama uandishi unaendelea. Halafu unairudisha, unachomoa ya pili. Nilimuuliza kama walifanya. "Hayo ni mambo ya darasani, mzee."

Basi tukaipiga ping ya 8972 kupitia swichi ya pili mbele ya macho yake. Kimya, hakuna jibu hata moja. Akavuta kompyuta yake, akaingia kwenye swichi, akabadilisha MTU. Hakusema samahani wala hakusema chochote.

Nisiwaonee, kunakili kwenyewe walikufanya vizuri. Kwenye seva ya Linux yenye LVM (programu ya kupanga nafasi za diski) wengi hukimbilia `pvmove`, inayohamisha data kidogo kidogo kutoka diski moja kwenda nyingine. Inafanya kazi mfumo ukiwa hai, na ikikatika unaandika `pvmove` tupu, inaendelea ilipoishia. Lakini ikikatika katikati, data iko nusu huku nusu kule, na lazima storeji zote mbili ziwe hai ndipo mfumo uwake. Hawa walitumia `lvconvert --type raid1 -m 1`, inayotunza kopi mbili zinazofanana, moja kwenye kila storeji, wakasubiri safu ya Cpy%Sync (asilimia iliyokwisha kunakiliwa) kwenye `lvs` ifike 100, na muda wote ule storeji ya zamani ilibaki na data kamili. Kwa mji ambao umeme unaenda na kurudi, hiyo ndiyo njia, na kuichagua kwao kulinipa imani. Mafaili ya ofisi walipeleka kwa `rsync -aHAX --numeric-ids`, amri ya kunakili mafaili pamoja na haki zake, mizunguko kadhaa watu wakiwa kazini, na mzunguko wa mwisho wenye `--delete` (kuondoa kule yaliyokwisha kufutwa huku) baada ya kufunga uandishi. Haki za mafaili zilifika kama zilivyo. Hata muda walisema kweli: laini ya 1 Gbps inabeba kama MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo TB 10 ni zaidi ya saa 25, na mafaili madogo madogo yanachelewa kuliko hapo. Kwa hayo nyota tatu zilikuwa zao, labda nne.

Sasa sikia. Siku ileile, MTU imebadilishwa muda mfupi tu, kebo haijachomolewa hata moja, wakaleta fomu ya kupokea kazi nisaini, na gari liko nje. Walitaka kufuta storeji ya zamani na kuipakia kwenda Dar. Ile ndiyo njia pekee ya kurudi nyuma! Kopi ya zamani unaitenga kwa `lvconvert --splitmirrors 1`, unaipa jina lake, unaiacha kwenye raki hadi mpya iwe imebeba siku ya malipo yote na bakapu iwe imejaribiwa kurejeshwa. Nilipokataa kusaini, mkubwa wao akapiga simu kusema "watu wa mikoani mnachelewesha miradi".

Fomu bado iko mezani bila saini. Ripoti ya jaribio la kuchomoa kebo hawajaileta. Nyota moja, na hiyo ni ya yule aliyechagua `lvconvert`.