Mwenye nyumba akiwa kaunti: tumepima njia nne za mpangaji kusikika, Nakuru na Kisumu

Mpangaji wa mtaa wa Flamingo au Kivumbini mjini Nakuru, Kenya, sawa na mwenzake wa mtaa wa Ondiek au Arina kule Kisumu, hana mwenye nyumba wa kumpigia simu jioni paa likivuja. Mwenye nyumba wake ni serikali ya kaunti, iliyorithi nyumba hizo kutoka kwa mabaraza ya manispaa baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kaunti ina mzigo ambao mwenye ploti wa kawaida hana. Kifungu cha 10 cha Katiba kinaitaka iwashirikishe wananchi katika maamuzi, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Ushirikishwaji basi ni huduma, na huduma hupimwa: inachukua muda gani, inagharimu nini, na mwishowe kuna uamuzi uliobadilika au hakuna.

Alama tunazotoa hapa ni za njia yenyewe, jinsi sheria ilivyoiunda na mahali inapokwamia kwa kawaida. Hatumpimi ofisa yeyote.

Dawati la ofisi ya nyumba: 5 kati ya 10

Ndiyo njia ya karibu zaidi, na kwa bomba lililopasuka au kitasa kilichovunjika inatosha. Udhaifu wake ni kwamba malalamiko ya mdomo hayana mwenyewe. Ofisa akihamishwa, yanahama naye. Barua ya nusu ukurasa hubadilisha mambo: namba ya nyumba, tatizo, tarehe lilipoanza, nani anaathirika, na unaomba nini kifanyike. Chapisha nakala mbili, ya kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, mwezi ujao unaanza upya.

Kasoro ya pili ni kubisha mlango usio wake, na maji taka ndiyo mfano mkubwa. Laini kuu ya barabarani ni ya kampuni ya maji, yaani NAWASSCO kwa Nakuru na KIWASCO kwa Kisumu; mabomba na chemba za ndani ya mtaa kwa kawaida ni mzigo wa mwenye nyumba. Kabla ya kuandika, fungueni vifuniko vya chemba mbili zinazofuatana, bila mtu kuingia ndani wala kuinamia, kwa sababu hewa ya humo huua. Ya juu ikiwa imejaa na ya chini ni kavu, kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Zote mbili zikiwa zimejaa, kizuizi kiko mbele zaidi, pengine kwenye laini ya kampuni. Barua inayosema hivyo hupelekwa kwa fundi sahihi siku ya kwanza. Barua inayosema "choo kinafurika" huleta kijana mwenye waya wa kuzibulia, anazibua chemba moja, na wiki ya pili harufu imerudi. Stima nayo ina mpaka wake: hadi kwenye mita ni ya Kenya Power, nyaya za ndani ni za mwenye nyumba.

Tatizo la laini nzima ya nyumba lipelekwe na wakazi wa laini nzima. Nyumba kumi zikisaini barua moja, ofisi inaona kazi moja ya kupangiwa bajeti badala ya kero kumi za kuahirishwa.

Kamati ya mtaa: 6, na inaweza kufika 9

Kamati ikichaguliwa kwa kupiga makofi uwanjani, humaliza ikiwa na watu walewale wenye sauti. Chagueni kwa laini au bloku, mtu mmoja kila bloku, kisha mhakikishe wamo wanawake, vijana, mtu mwenye ulemavu na mzee anayejua historia ya mtaa. Kikao kiwe saa ambayo mama mboga hajafungua kibanda au amekwisha kufunga. Kwa mitaa mingi hiyo ni Jumapili alasiri. Mambo ya vyoo na taa za usiku yajadiliwe pia na wanawake peke yao, maana mengine hayasemwi mbele ya wote. Kisumu, wazee wengi wataeleza jambo kwa Dholuo kwa undani ambao Kiswahili cha kikao hakifikii, kwa hiyo mwandishi wa kumbukumbu awe anajua zote mbili.

Lakini kazi inayoipa kamati thamani ni rejista. Katika nyumba za zamani za umma, jina lililo kwenye leja ya ofisi mara nyingi ni la mtu aliyefariki, aliyestaafu akarudi nyumbani, au aliyepangisha kwa mlango wa nyuma. Anayelala humo, anayelipa na anayefua hapo hayumo popote. Ofisi ikisema "tutawashirikisha wapangaji", inamaanisha majina ya leja. Hapa ndipo ugomvi wote wa baadaye unapozaliwa: siku ya kugawa nyumba mpya au posho ya kuhama, mtoto wa marehemu, mpangaji wa mlango wa nyuma na aliyeko kwenye leja husimama mlango mmoja.

Hesabu inayofaa huandika namba ya nyumba, jina lililo kwenye leja, wanaoishi humo sasa, uhusiano wao na mwenye jina, mwaka walioingia, na risiti walizo nazo. Waandikwe pia waliomo kwenye vyumba vya mabati vilivyoongezwa ubavuni, kwa safu yao wenyewe. Orodha ya namba za nyumba na majina ibandikwe ukutani siku 14 ili watu wapinge au warekebishe. Namba za vitambulisho na za simu zisibandikwe kamwe. Baada ya hapo ipelekwe ofisini ilinganishwe na leja. Wapangaji wa mlango wa nyuma wataogopa kuandikwa, na hofu yao ina msingi, kwa hiyo kamati ikubaliane mapema na ofisi, kwa maandishi, kwamba orodha haitatumiwa kufukuza mtu. Ofisi ikikataa kuandika hivyo, msiipelekee safu ya wanaoishi humo sasa.

Mradi wa kuboresha makazi duni, KISIP, uliofika Nakuru na Kisumu, unatumia kamati za makazi zilizochaguliwa na wakazi pamoja na kamati za kushughulikia malalamiko. Nyumba za kaunti zinastahili mpango kama huo, na hakuna sheria inayozuia.

Kikao cha maoni ya umma: 4

Hapa wapangaji humwaga nguvu nyingi kuliko kwingine, na nyingi hupotea. Sababu kubwa ni kalenda. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, kwa ajili ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Taarifa ya Mkakati wa Fedha huja kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mapaa ya mtaa wenu yasipokuwa kwenye karatasi ya Septemba, kuyataja katika kikao cha Mei ni kuomba wali sufuria ikiwa imeoshwa.

Kodi ya nyumba ina mlango wake. Mara nyingi imo katika jedwali la ada la Mswada wa Fedha wa kaunti, katikati ya ada za soko, za maegesho na za mabango, na mswada huo hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bunge la kaunti kupitisha sheria ya matumizi. Kwa kawaida hiyo ni kati ya Julai na Septemba. Wapangaji wengi hujua kodi imepanda wanapoona risiti, ilhali jedwali lilikuwa wazi kwa maoni wiki kadhaa. Mtu mmoja wa kamati apewe kazi hiyo tu: kusoma matangazo ya bunge la kaunti miezi hiyo mitatu.

Kasoro nyingine ni ya karatasi. Unaalikwa kikao cha saa mbili, mswada wa kurasa nyingi unagawiwa mlangoni, kwa Kiingereza, nawe unaulizwa maoni. Novemba 2019, katika kesi ya British American Tobacco dhidi ya Waziri wa Afya, Mahakama ya Juu ilisema ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, usiwe pambo, na ikataja vipimo vyake: jambo lieleweke, utaratibu uwe wazi, watu wapewe nafasi ya kweli ya kushawishi, na wawe na uwezo wa kushiriki, ikiwemo kuelimishwa kwanza. Kikao kisichotoa mswada mapema kimeanguka kwenye kipimo cha kwanza, na hilo mnaweza kuliandika katika waraka wenu kwa maneno hayohayo.

Andikeni waraka. Maneno yaliyosemwa kwenye maikrofoni hufupishwa na mtu mwingine. Waraka mzuri ni ukurasa mmoja: kifungu au mstari wa jedwali, mswada unasema nini, nyinyi mnataka useme nini, na kwa nini. Kwa mfano: "Kodi ya chumba kimoja ibaki ilivyo hadi mapaa na chemba za laini hii zitengenezwe." Sentensi kama hiyo inaweza kuingizwa mswadani na mjumbe yeyote. Hotuba ya dakika kumi kuhusu dhuluma, hata ikiwa kweli tupu, haina mahali pa kuingizwa. Ombeni pia ripoti ya kikao inayoonyesha maoni yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na sababu ya kila moja. Na kabla ya kusaini karatasi ya mahudhurio, someni kichwa chake. Kikisema "walioidhinisha", andikeni pembeni ya jina kwamba mmehudhuria na maoni yenu yako kwenye waraka.

Hali hubadilika kabisa kikao kinapohusu kubomoa na kujenga upya. Lumumba na Makasembo za Kisumu ni miongoni mwa mitaa mikongwe iliyoingizwa katika mipango ya namna hii, na ardhi ya nyumba za kaunti ipo katikati ya miji, kwa hiyo mingine itafuata. Swali la kwanza ni kama mpangaji atarudi akiwa mpangaji. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inataja nyumba za kijamii kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, lakini mpango wenyewe kwa kiasi kikubwa unauza nyumba, na mwombaji hupitia Boma Yangu, jukwaa la serikali la mtandaoni la kuomba nyumba hizo. Nyumba 605 za mradi wa Bondeni, Nakuru, ni za kununua. Anayelipa kodi ya chini leo anaweza kurudi akiwa mwombaji kama mwingine yeyote, bila nafasi ya mbele. Haki ya kurudi iandikwe katika makubaliano, ikiwa na namba ya nyumba ya sasa, jina kutoka kwenye rejista yenu, ukubwa wa nyumba mpya, na kama ni kupanga au kununua.

Swali la pili ni muda wa kukaa nje. Wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa nyumba za muda Lang'ata mwaka 2009; nyumba 822 za awamu ya kwanza zilikabidhiwa 2016. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza wakati wa kuhama alikuwa anakaribia mtihani wa darasa la nane. Posho ya kuhama iliyopigiwa hesabu ya miezi michache haiwezi kubeba miaka kama hiyo, kwa hiyo dai la maana ni posho inayoendelea kila mwezi hadi ufunguo mpya utolewe. Na kama mapaa ni ya asbestosi, ulizeni nani mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kuyaondoa, na majirani watakaa wapi siku hizo.

Ombi la taarifa: 8

Wachache huitumia, nasi tunaiona bora kuliko zote. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, halina ada ya kuwasilisha, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kwa taarifa nyingi zinaweza kuongezwa siku 14, mara moja tu. Gharama ni ya nakala. Kimya kinahesabiwa kuwa kukataliwa, na una siku 30 za kupeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman, ambayo ina ofisi Kisumu.

Ombi hukwama likiwa pana. "Tunataka kujua pesa za mtaa zinaenda wapi" halijibiki. Omba jumla ya kodi iliyokusanywa kutoka mtaa wenu mwaka wa fedha uliotajwa, kiasi kilichotengwa na kilichotumika kwa matengenezo yake mwaka huohuo, na nakala ya mkataba wa kazi ya mwisho. Vitu vitatu, barua moja. Ukipata takwimu hizo, kikao cha maoni kinapanda kutoka alama 4, maana sasa mnajadili hesabu ya mwenye nyumba mwenyewe. Zikionyesha jambo zito, ombi rasmi kwa bunge la kaunti chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti linafuata, na huwa zito kwa sababu ya viambatisho.

Uingereza, baada ya moto wa jengo la Grenfell jijini London kuua watu 72 tarehe 14 Juni 2017, jengo ambalo wakazi wake walikuwa wamelalamikia usalama, sheria ilikazwa. Tangu Aprili 2023 wenye nyumba za kijamii huko hukusanya vipimo 22 vya huduma yao: 12 kwa kuwauliza wapangaji, 10 kutoka kwa kumbukumbu zao. Hapa kwetu hakuna wa kuilazimisha kaunti ifanye hivyo, ila daftari la kamati linaweza kuanza na vipimo vitatu: tarehe ya barua yenye muhuri, tarehe fundi alipokuja, na kama kazi ilidumu siku 30. Mtu mmoja kila bloku, mstari mmoja kwa kila tatizo. Likianza Januari, kufikia Agosti linakuwa na miezi saba ya ushahidi, tayari kwa karatasi ya 1 Septemba.