Mafuta ya breki ya kupimiwa: yaliyonikuta Kitonga, na DOT 4 niliyohamia

Bidhaa ninayoizungumzia ni ndogo na wengi hawaijali mpaka siku iwatose: mafuta ya breki. Nimetumia ya aina mbili kwenye gari lilelile, Kenta ya zamani (lori dogo la Mitsubishi) yenye injini ya 4D33, inayobeba mbao kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam. Ya kwanza ni ya kupimiwa, yale yanayomiminwa kutoka kwenye dumu na kutiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Ya pili ni DOT 4, daraja la mafuta ya breki lililo juu ya DOT 3, ya chupa iliyofungwa kiwandani. Ukiwa huna muda wa kusoma yote, ya kwanza nayapa sifuri, ya pili nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima nitaieleza.

Kwanza gari lenyewe, maana bila kulijua hutaelewa kwa nini napiga kelele kuhusu chupa ya nusu lita. Kenta haina breki za upepo kama Scania. Ukikanyaga pedeli, unasukuma mafuta kutoka kwenye masta silinda, yanapita kwenye mabomba membamba mpaka kwenye matairi, na huko yanasukuma shuu zibane dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na tairi. Vakyumu inakusaidia nguvu ya mguu tu. Lori la upepo likipoteza upepo wote, springi zinafunga breki za nyuma zenyewe na gari linasimama hata kama hutaki. La mafuta halina huruma hiyo. Mafuta yakigoma, kinachobaki ni injini, hendibreki na utingo wako. Na hendibreki ya Kenta haishiki matairi moja kwa moja, ina dramu yake ndogo nyuma ya gia boksi, inayoshika propela, shafti inayozungusha matairi ya nyuma. Imetengenezwa kushika gari lililosimama. Ukiivuta kwa fujo mwendo ukiwa mkali, unaweza kuiunguza au kuvunja kitu huko chini.

Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mbao zilikuwa mbichi, na mbao mbichi ni nzito kuliko anavyokuambia mwenye mzigo. Tulipita Iringa, tukapita Ilula, tukaanza kushuka Kitonga asubuhi. Aliyewahi kupita pale na mzigo anajua: kona juu ya kona, malori ya Zambia na Kongo yanapanda yakikoroma, mengine yanashuka, na nafasi ya kukosea hakuna. Mimi hushuka na gia nzito na breki ya ekzosi, ile inayoziba moshi ili injini yenyewe ilizuie gari, pedeli naigusa tu kwa kupumzisha mwendo. Utaratibu huo unafanya kazi vizuri barabara ikiwa wazi.

Siku hiyo haikuwa wazi. Lori lilikuwa limezimika kwenye kona, watu wametandaza matawi barabarani, magari yanapitishwa upande mmoja kwa zamu. Unasogea kidogo, unasimama. Unasogea, unasimama. Kwenye mwendo wa namna hiyo breki ya ekzosi haisaidii sana kwa sababu inataka mizunguko ya injini, na kila ukikanyaga klachi inakuwa haipo kabisa. Kazi yote ikahamia kwenye dramu. Harufu ya lainingi, ile ngozi ya shuu inayosugua dramu, ikaanza kuingia kwenye kebini. Kisha tukasimama muda mrefu kidogo, na hapo ndipo shughuli ilipoiva bila mimi kuona. Gari likitembea, upepo unapoza dramu. Likisimama, joto lote lililoko kwenye chuma linapanda taratibu mpaka kwenye silinda za matairi, yaliko mafuta.

Foleni ilipofunguka, mbele yangu kulikuwa na tenka. Nikashusha hendibreki, gia namba moja, gari likaanza kujivuta. Nikagusa breki ili nisimkaribie sana. Mguu ukaenda mpaka chini kwenye sakafu, laini kabisa, kama nimekanyaga godoro. Nikapampu harakaharaka. Nikapata ugumu kidogo pale chini kabisa, ambao haukuzuia chochote.

Utingo aliniangalia usoni tu.

"Suka, vipi?"

"Breki hakuna. Shuka na kabari!"

Akaruka mlango ukiwa bado unafunguka. Klachi sikuigusa, maana ndani ya gia namba moja injini ilikuwa inalishikilia gari kwenye mwendo wa mtu anayetembea. Ningekanyaga klachi ningelifungulia mteremko wote. Hendibreki nikaivuta jino kwa jino. Kabari ya kwanza aliitupia tairi la nyuma, tairi likaisukuma ikaburuzika juu ya lami na kuacha alama nyeupe ya mti. Ya pili akaiweka upande wa pili, ikakamata. Gari likapanda juu yake kidogo, likarudi, injini ikazima yenyewe. Tukaongeza mawe. Dereva wa tenka hakujua lolote, alishasogea zake.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hasa imenifanya niandike. Tulikaa pale, gari likapoa. Nikaingia kwenye kebini, nikawasha injini ili vakyumu irudi, nikakanyaga pedeli. Ikapanda, si ngumu kama zamani, lakini inashika. Nikachungulia chini: hakuna tone lililovuja. Kopo la mafuta ya breki limejaa mpaka kwenye alama. Nikampigia tajiri, akasema maneno ambayo tajiri yeyote angesema: "Kama imerudi, si ushuke taratibu tu mpaka Ruaha Mbuyuni?" Nikamwambia gari haliondoki hapa mpaka fundi afike. Alinuna, lakini akamtuma fundi kutoka Ilula.

Breki inayopotea ikiwa moto na kurudi ikipoa bila kuvuja ina maelezo yake. Fundi, mzee mmoja aliyekuja na bodaboda na mfuko wa spana, alinieleza akiwa amelala chini ya gari. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani. Si lazima umwagie maji. Yanayavuta taratibu kupitia mfuniko na mipira, na yakiwa kwenye dumu lililo wazi dukani yanavuta upesi zaidi. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke mpaka angalau nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishapata maji kiasi cha asilimia tatu na ushee, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imevuta maji. Maji yakizidi hapo, inashuka zaidi. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Kwa hiyo unakanyaga, nguvu yote inaishia kukandamiza mapovu, shuu hazisogei. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika na pedeli inapanda, nawe unadhani Mungu amekusaidia, kumbe mteremko unaofuata utayachemsha tena.

Alifungua nati ya kutolea upepo kwenye tairi la nyuma, yakatoka mafuta meusi yenye chembe za kutu. Kopo la juu, lakini, lilikuwa na mafuta masafi ya manjano. Maana yake gereji iliyolihudumia gari kabla ya safari ilinyonya ya kwenye kopo, ikamimina mengine juu yake, na ikamwandikia tajiri risiti ya kubadilisha mafuta ya breki. Gereji hiyo siitaji.

Nilitaka kujua kama hayo waliyomimina yalikuwa feki. Chupa yao ilikuwa bado nyuma ya kiti, imebaki robo. Mzee akatia kidogo kwenye glasi ya maji, yakachanganyika yakapotea. Akasema yangekuwa hidroliki au mafuta mengine ya madini yangeelea juu, na hayo ndiyo yanayovimbisha mipira ya masta silinda mpaka inagoma kurudi. Haya hayakuwa feki. Yalikuwa mafuta halali ya breki yaliyochoka kabla ya kuuzwa. Baadaye kule Ilula alinionyesha kwa macho, nje, mbali na watu maana yanawaka na moshi wake si mzuri: kifuniko cha kopo juu ya jiko la mkaa, tone la haya ya kupimiwa, tone la DOT 4 mpya. La kupimiwa likaanza kutoa mapovu na kurukaruka mapema, la pili limetulia tu. Hapo ndipo nilipoyapa sifuri. Muuzaji wa kupimia anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akakuuzia maji.

Kazi ya kubadilisha tuliimalizia palepale mlimani. Utingo kwenye pedeli, mzee chini, "kanyaga, shikilia, achia", kuanzia tairi lililo mbali na masta silinda, mpaka kila tairi likatoa mafuta masafi bila povu. Zilikwenda chupa tatu za nusu lita. Pedeli ikawa ngumu na inashika juu. Bei yake mzee hakupunguza hata senti, na mimi sikumbishia. Mtu aliyelala chini ya lori lenye kabari kwenye Kitonga ana haki ya kupanga bei. Huduma yake naipa tano kamili.

Tangu hapo DOT 4 imenipitisha Kitonga mara nyingi, na foleni mbaya kuliko ile nimekutana nazo. Pedeli haijawahi kubadilika. Lakini nisiwadanganye: haitibu uzembe wa kushuka na breki badala ya gia. Dramu zikizidi moto, lainingi zenyewe zinapoteza mshiko hata kama mafuta ni mazima, na hilo utalitambua kwa mguu. Pedeli inakuwa ngumu, unakandamiza kwa nguvu zote na gari linaendelea kwenda. Ile ya mafuta kuchemka pedeli inazama. Ni magonjwa mawili, na ukimweleza fundi vizuri ni lipi, unaokoa nusu siku.

Nilinunua pia kile kipimo cha kalamu chenye taa, unakichovya kwenye kopo kinakuonyesha kijani, njano au nyekundu kulingana na maji. Nakipa nyota mbili. Kinapima umeme unavyopita kwenye mafuta, kwa hiyo ni cha kubahatisha, na kibaya zaidi kinapima mafuta ya kwenye kopo. Kwenye ile Kenta kingewaka kijani au njano asubuhi ya safari, wakati uozo wote uko chini kwenye matairi. Ukiwa nacho, pima mafuta yanayotoka kwenye nati ya tairi.

Nyota niliyoinyima DOT 4 ni kwa sababu mbili. Moja, maonyo yote muhimu yako kwa Kiingereza cha herufi za sisimizi, hakuna hata mstari wa Kiswahili, wakati wanaoifungua ni mafundi na madereva wa huku. Yanayotakiwa kusomeka ni machache: yanakula rangi ya gari, yakimwagika osha na maji mara moja, changanya na DOT 3 au 5.1 ukilazimika, lakini DOT 5, ile ya silikoni, usiichanganye na chochote. Pili, chupa nyingi mjini zimefunguliwa na kufungwa tena. Mimi sinunui kama pete ya mfuniko imekatika au karatasi ya ndani imetobolewa, hata muuzaji akiapa.

Tajiri bado analalamika kuwa nampotezea hela, ingawa chupa moja haifikii bei ya lita kumi za dizeli. Tumekubaliana mafuta yote yabadilishwe kila mwaka kabla ya masika, na tarehe naiandika kwa maka peni juu ya kopo. Nanunua chupa ndogo, si za lita. Ikibaki nusu, nampa fundi wa pikipiki aitumie siku hiyohiyo. Kwenye kebini hailali.