Miche ya mbao ya mwembe wenye michirizi ya kuvu, Keko: rangi safi, ukaushaji nusu

Karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, inauza miche ya mwembe, yaani vipande vya mbao vya kukereza mipini ya zana, sentimita 4 kwa 4, urefu 15. Inatosha mpini mmoja wa patasi na ziada ya kukata ncha.

Kwa rangi, hakuna cha kulaumu. Ile mistari myeusi kama wino ni kuta zinazojengwa na kuvu pale zinapokutana na kuvu nyingine. Madoa ya buluu na kijivu hayana shida: kuvu yake hula sukari na wanga, nguvu ya mti ikabaki karibu yote. Pa kuogopa ni palipopauka. Bonyeza kwa kucha. Ikizama, pameoza mno. Gonga pia: mche mzima hulia, uliooza hudunda kimya.

Kasoro kubwa ni ubichi. Miche inauzwa kama mikavu, lakini mizani ya jikoni inaonyesha uzito ukiendelea kushuka. Hili si dogo. Kuvu haiachi kula mpaka maji yashuke chini ya takribani asilimia 20, na mpini uliokerezwa ungali mbichi hunywea, pete ya chuma ikalegea. Basi paka ncha zote mbili nta au gundi ya mbao siku hiyohiyo, kwa kuwa maji hutokea huko upesi na kuleta nyufa. Panga kivulini penye upepo, si juani. Pima kila baada ya siku nne. Uzito ukikaa palepale mara tatu, anza kazi. Wakati wa masika, hewa ya Dar inachelewesha sana.

Palipo laini kidogo padondoshee supaglu nyepesi, kidogo kidogo: ukimwaga nyingi huchemka na kutoa moshi unaochoma macho. Kwenye mti mbichi hugandia juu tu. Iache ilale usiku mmoja.

Toboa tundu la mkia wa patasi (chuma kinachoingia ndani ya mpini) kabla ya kukereza, ili likae katikati. Chombo kiwe kikali kweli. Kikiwa butu hung'oa nyuzi laini. Msasa uanzie namba 120, uuzungushie kibao, maana kidole huchimba palipo laini. Barakoa usivue, vumbi hili lina mbegu za kuvu.

Inafaa kwa tupa, bisbisi na patasi ya kusukuma kwa mkono. Kwa nyundo, shoka au patasi ya kugongwa, usiinunue kabisa. Na mche wenye kiini cha mti katikati urudishe dukani: utapasuka tu, hata ukaushwe vipi.