Resident Evil 7: Nyumba Moja Iliyouokoa Mfululizo Mzima

Nimeumaliza mchezo wa video wa kutisha wa Resident Evil 7 mara tatu tangu ulipotoka tarehe 24 Januari 2017, na bado kuna mlango mmoja ndani ya nyumba ya akina Baker ambao sipendi kuufungua. Mlango wenyewe hauna ajabu yoyote: ni wa mbao, unafunguka polepole kadiri unavyousukuma kwa mwili, na nyuma yake kuna ujia mwembamba ambao mara nyingi hauna mtu. Kinachonisumbua ni hilo neno "mara nyingi". Kampuni ya Capcom ya Osaka ilikuwa imetumia miaka mingi kunizoesha kutoogopa chochote katika mfululizo huu, hivyo kunirudisha mahali ambapo ninasita mbele ya mlango mtupu ni kazi ninayoiheshimu.

Mfululizo ulianza mwaka 1996 kwenye PlayStation, chini ya uongozi wa Shinji Mikami, na ulikuwa na jumba moja, risasi chache, na begi dogo lililokulazimisha uchague kati ya dawa na ufunguo. Toleo la nne, la mwaka 2005, liliileta kamera nyuma ya bega la mhusika na kuufanya ufyatuaji uwe mtamu. Lilikuwa toleo bora, lakini utamu huo ndio uliowaponza waliofuata, kwa sababu mtu mwenye silaha nzuri na uwanja wa kutosha haogopi, anawinda.

Toleo la tano, la mwaka 2009, linatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Maadui wake wanaitwa Majini, jina lililochukuliwa katika lugha yetu kwa maana ya pepo wabaya (ingawa mtu akilisoma peke yake anaweza pia kudhani ni habari za watu walio ndani ya maji), na wanapokuvamia hupiga kelele kwa Kiswahili. Hayo yanatokea Kijuju, mahali pa kubuni palipowekwa Afrika Magharibi, ambako wenyeji wana lugha zao nyingi lakini hii si mojawapo. Kionjo chake cha mwaka 2007 kilizua lawama kubwa kwa sababu kilimwonyesha Mzungu akiwafyatulia risasi umati wa Waafrika, na lawama hizo zilikuwa na msingi. Mimi nina malalamiko mengine madogo ya kisanaa: mchezaji wa Osaka au London anazisikia zile kelele kama sauti za viumbe wasioeleweka na nywele zinamsimama, ilhali mimi niliyekulia ndani ya lugha hiyo nilijikuta nikitega sikio ili nisahihishe lafudhi. Hofu ikishageuka kuwa somo la matamshi, hakuna tena cha kuogopa.

Kisha likaja toleo la sita, Oktoba 2012, na hapo ndipo mambo yalipoharibika waziwazi. Capcom ilitaka kumridhisha kila mtu kwa wakati mmoja: kati ya wahusika wake, Leon apewe mazombi kwa ajili ya wakongwe, Chris apewe vita vya mitaani kwa ajili ya wapenda bunduki, Jake apewe ngumi na kukimbizwa, na baada ya hao watatu Ada afungue sehemu yake ya nne. Hadithi inaruka kutoka Marekani hadi Ulaya Mashariki ya kubuni na mji wa kubuni wa China, ndege zinaanguka, majengo yanalipuka, na kila baada ya dakika chache mchezo unakuamuru ubonyeze kitufe fulani haraka, la sivyo unakufa kifo ambacho hukukistahili. Kampuni ilitarajia kuuza nakala milioni 7, ikashusha makadirio hadi milioni 6, kisha milioni 5. Si kwamba lilikosa wanunuzi. Nakala nyingi ziliuzwa, lakini waliozinunua walitoka wakilalamika. Operation Raccoon City ya mwaka huohuo na Umbrella Corps ya mwaka 2016, yote miwili ikiwa michezo ya kufyatuliana risasi tu, ilizidi kulichafua jina, na sina sababu ya kukaa nayo zaidi ya sentensi hii.

Toleo la saba, lililoongozwa na Koushi Nakanishi, lilijibu kwa kupunguza. Mhusika ni mmoja, Ethan Winters, mtu wa kawaida asiye askari wala mpelelezi, anayemtafuta mkewe Mia aliyepotea kwa miaka mitatu. Eneo ni moja, shamba la familia ya Baker huko Louisiana. Macho ni ya Ethan mwenyewe, yaani huoni mgongo wake bali mikono yake tu, na mikono hiyo inapata mateso ambayo sitayasimulia kwa anayekula. Kuhamia macho ya mhusika kuliwaudhi mashabiki wengi lilipotangazwa mwaka 2016, nami nilikuwa miongoni mwao. Nilikosea. Kamera ikiwa nyuma ya bega unaiona kona kabla mwili haujaifikia, lakini hapa kona unaijua ukishafika, na mzee Jack Baker anaweza kuwa amesimama hapohapo na koleo lake.

Ustadi wa mchezo huu unaonekana vizuri zaidi katika kanda za video. Hapa na pale unaokota kanda, unaiweka kwenye mashine, na badala ya kutazama unaicheza, ukiwa ndani ya mtu aliyepita humo kabla yako. Kanda ya siku ya kuzaliwa inamhusu mpiga picha aliyefungiwa na Lucas, mtoto wa kiume wa Jack, katika chumba chenye keki na mshumaa unaopaswa kuwashwa. Unahangaika kwa muda mrefu: maji yanaumwagikia mshumaa kutoka darini, unatafuta vifaa, unaumizwa, hatimaye unalipata neno la siri, na unapodhani umefuzu unateketea kwa moto. Saa nzima baadaye Ethan anaingizwa katika chumba kilekile. Yeye hana haja ya kuhangaika, kwa sababu neno tayari unalijua wewe uliyekufa mara ya kwanza, na hasira ya Lucas anapoona mtego wake umerukwa ni malipo ambayo hakuna mlipuko wowote wa toleo la sita ungeweza kuyatoa. Mchezo umekuamini kwamba una kumbukumbu.

Uchache wa vitu nao umerudi. Risasi zinahesabika, begi linajaa upesi, na unahifadhi maendeleo yako kwa kinasa sauti cha zamani kilichowekwa katika vyumba vichache vya usalama. Katika kiwango cha juu kabisa cha ugumu, kila uhifadhi unagharimu kaseti moja, na kaseti zenyewe ni chache. Usiku mmoja umeme ulikatika mtaani kwetu nikiwa chini ya nyumba ile, kwenye vyumba vya kuchinjia, nikiwa na kaseti moja mfukoni niliyokuwa nimeibania kwa ubahili. Zaidi ya saa moja ya kazi ilipotea. Nilikaa gizani nikiwa na pedi mkononi, na nakiri kwamba kwa nukta kadhaa sikuwa na uhakika ni giza la nani.

Kwa sababu hiyohiyo mchezo huu haufai kwenye vibanda vya gemu vya mtaani. Humo unalipa kwa muda, nyuma yako kuna vijana wanaosubiri zamu ya mpira, na kila mtu ana ushauri wa kukupa. Toleo la tano na la sita zilivumilika katika mazingira hayo kwa kuwa watu wawili waliweza kucheza pamoja na kelele hazikuharibu kitu. La saba linataka chumba kimoja, mtu mmoja na vifaa vizuri vya masikioni, kwa maana nusu ya vitisho vyake ni mbao zinazolia ghorofani.

Lina kasoro, na si ndogo. Nje ya familia ya Baker, maadui karibu wote ni aina moja ya viumbe vya kuvu nyeusi, ambao ukishawaona watano umewaona wote. Sehemu ya meli, inayokuja baada ya kuondoka shambani, inarefusha safari bila kuiongezea kitu: korido za chuma zinafanana, bunduki inakuwa kubwa, na harufu ya toleo la sita inaanza kunukia. Mwisho unaamuliwa kwa haraka kuliko mwanzo ulivyoahidi. Ethan mwenyewe ni mtu baridi mno; mkono wake unapata dhoruba na yeye analalamika kana kwamba amemwagiwa chai.

Sokoni toleo hili lilianza polepole, likitoka na nakala milioni 2.5 dhidi ya milioni 4.5 za toleo la sita, lakini liliendelea kununuliwa mwaka baada ya mwaka hadi likapita milioni 10. Injini iliyotengenezwa kwa ajili yake, yaani programu ya msingi inayouendesha mchezo, iitwayo RE Engine, ndiyo iliyobeba toleo la pili lililoundwa upya mwaka 2019, toleo la nane liitwalo Village la mwaka 2021, na toleo la nne lililofanywa upya mwaka 2023.

Kwa anayetaka kununua leo, diski iliyotumika ya PlayStation 4 inatosha kabisa, mradi uikague mikwaruzo kabla ya kulipa. Anza na kiwango cha kawaida, ambako kinasa sauti hakidai kaseti. Nyongeza ya Not a Hero, inayomrudisha Chris, inapatikana bila malipo. Ni fupi, ina risasi nyingi, na unaweza kuiruka bila kukosa kitu. Vyumba vya chini vya nyumba ile vicheze mchana.