Tovuti ya kulinganisha mishahara, kwa intani wa uinjinia: nyota tatu tu

Wadau, hii ni rivyu ya ile tovuti ya mishahara ambayo mwanafunzi wa uinjinia akipata ofa ya mafunzo kazini anaikimbilia kabla hata hajampigia mama yake simu. Jina naliacha, kwanza nimetumia tatu na zote ugonjwa ni huohuo, pili sitaki kesi.

Inavyofanya kazi mnajua. Unaandika fani, unaandika mji, inakutolea namba kuubwa katikati ya ukurasa na kamstari kanakoonyesha wa chini wanapata ngapi na wa juu ngapi. Ukitaka kuona zaidi inakwambia toa na wewe, yaani ujaze unalipwa ngapi ndo ikufungulie za wenzako. Hapo sina shida, mtindo wa toa upate tumeshauzoea na bila huo hizo data zisingekuwepo kabisa. Shida yangu ni ile namba kubwa.

Mi nilikuwa na ofa ya mitambo, wiki 12, malipo kwa saa. Tufanye ni 20 kwa saa, hela yoyote ile unayoijua wewe, nataka hesabu tu. Nikafungua tovuti, naona intani wa mitambo 41,600. Nikaruka! Nikamwambia rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa chumba kimoja, ndugu yangu mi nimeibiwa mchana kweupe, hawa wenzetu wanaogelea. Yeye akachukua karatasi, mtu mtulivu sana yule, akaandika 40 mara 52 akapata 2,080, akazidisha kwa 20. 41,600. Kumbe namba ni yangu mwenyewe! Tovuti imechukua malipo ya saa ikayatandaza mwaka mzima, kana kwamba intani anafanya kazi wiki 52, wakati mimi nina wiki 12 ambazo ni saa 480, ambazo ni 9,600 kabla kodi haijapita. Hakuna popote kwenye ukurasa ule palipoandikwa kwamba hii hela hutaiona. Ipo alama ndogo ya kubadilisha "kwa mwaka" iwe "kwa saa", juu kulia, kijivu juu ya kijivu, niliigundua siku ya tatu.

Ya pili ni wastani. Kwenye mji niliokuwa naangalia walikuwa wamejaza watu sita tu. Watano wameandika 18, 19, 20, 20, 21, wa sita kaandika 3,200 kwenye kisanduku cha saa, bila shaka hiyo ni ya mwezi kakosea kisanduku. Wastani ukatoka karibu 550 kwa saa, intani, anayetumwa kuleta makaratasi! Tovuti ikaonyesha hivohivo bila aibu. Ukiwapanga kwa mstari ukachukua wa katikati unapata 20, na huyo wa 3,200 ukimgawa kwa saa 160 za mwezi naye ni wa 20. Ila ngoja, kama yuko saiti anaanza alfajiri na anapiga saa 50 kwa wiki, mwezi ni saa 200, basi analipwa 16 kwa saa na pengine hajijui. Na hii ndo tofauti kubwa ambayo tovuti haiulizi kabisa: unalipwa kwa saa au unapewa posho ya mwezi? Wa saa akibakizwa jioni anahesabiwa, sehemu nyingine na ovataimu juu. Wa posho akibakizwa anaambiwa asante kijana, unajifunza.

Halafu hilo neno lenyewe "intani wa uinjinia". Mle ndani wamemwaga wote kwenye sufuria moja, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayefagia karakana na anayesomea uzamili ambaye tayari anaandika programu inayotumika na wateja. Mwaka wa masomo unasogeza malipo kweli, kampuni kubwa nyingi zina jedwali kabisa, umemaliza mwaka wa pili kiwango hiki, wa tatu kile, uzamili kile, udaktari wa falsafa pale juu. Fani nazo si sawa. Softiwea, chipu na mafuta na gesi kwa kawaida wako juu, wa ujenzi na mazingira wako chini, na sio kwamba wa ujenzi anafanya kazi rahisi (nendeni mkashike zege mkaone), ni kwamba kampuni ya softiwea inaishindania na wengine watano ile akili moja, na faida yake kwa kila mfanyakazi ni kubwa. Ofisi ya ushauri wa ujenzi inamlipa intani kutoka kwenye saa ambazo mteja atakubali kulipia, na mteja hapendi kulipia mwanafunzi. Kwa softiwea walau kuna Levels.fyi, tovuti nyingine ya kulinganisha mishahara, iliyoanza 2017, wana ukurasa wa intani peke yao na malipo yanaonekana kwa saa. Sisi wa grisi tunachanganywa na kila mtu.

Na kuna jambo lingine ambalo fomu ingeweza kuliuliza kwa swali moja tu: haya mafunzo chuo kimeyalazimisha au umeyatafuta mwenyewe? Mtu anaweza kuona ni swali la kipuuzi lakini kuna nchi ambako swali hilo ndo linaamua kama utalipwa. Ujerumani wana sheria ya kima cha chini tangu 2015, mafunzo ambayo ni sharti la chuo yako nje ya sheria hiyo, ya hiari yakizidi miezi mitatu yanaingia ndani. Kwa hiyo watu wawili wanakaa benchi moja, bisibisi moja, mmoja ana kima cha chini na mwenzie ana ahsante. Ufaransa mafunzo yakizidi miezi miwili lazima mwanafunzi apewe kitu, yasipofika hapo mwajiri halazimiki, ndo maana ukiona tangazo la wiki nane kamili jiulize. Tovuti inawaweka hawa wote kwenye mstari mmoja inaita "soko".

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Nilienda na ile namba kwa afisa wa rasilimali watu, hii ni kabla rafiki yangu hajanipigia hesabu, nimeichapisha kabisa kwenye karatasi. Nikamwambia, dada, samahani, naona soko liko hivi. Akaiangalia, akacheka kidogo, hakucheka vibaya, akaniambia, "Mdogo wangu, hii yetu ni jedwali. Nikikuongezea wewe niwaongezee na wenzako wote 30." Nikawa nimenywea. Nikawa natafuta mlango. Akasema tena, "Ila hujaniuliza habari ya chumba." Kumbe kuna fungu la malazi, linatolewa kwa anayetoka mbali akiomba, asiyeomba hapewi na hakuna anayemkumbusha. Kuna nauli ya kuhamia pia. Na tarehe ya kuanza inasogezeka, ukianza wiki mbili mapema ni saa 80 zaidi, ambayo kwa 20 ni 1,600, hakuna mazungumzo ya mshahara ambayo yangenipa hiyo kwa mwanafunzi.

Mwenzangu wa darasa alipata kampuni nyingine kwa 22, akanicheka wee. Tofauti ya 2 kwa saa 480 ni 960 kwa muda wote. Alikuwa anajilipia chumba karibu na kiwanda, na mwezi wa kwanza peke yake chumba kilimla zaidi ya hiyo 960. Kwenye tovuti yeye ndo yuko juu yangu mpaka leo.

Ili nisionekane nina kisirani tu, kuna sehemu nzuri, na ni nzuri kweli. Yale maoni ya chini, ambayo wengi hawashuki kuyasoma, ndo dhahabu ilipo. Mtu anaandika "posho inalipwa mwisho wa mafunzo, sio kila mwezi, jiandae", mwingine "buti na kofia unanunua mwenyewe", mwingine "ukimaliza vizuri wanakupa ofa ya kazi kabla hujarudi chuo". Hiyo ya mwisho ina maana kubwa kwenye malipo kuliko mji na fani, maana kampuni inayochukua intani kama usaili mrefu wa kumwajiri baadae inalipa vizuri ili asikimbie, na ile inayochukua intani kuziba pengo la fundi aliyeacha kazi inalipa chini na kila mwaka inaleta wapya. Mi sasa nikifungua ukurasa wa kampuni sitazami namba, nashuka moja kwa moja naangalia wangapi wamesema walipewa ofa ya kazi. Chujio la tarehe nalo linafanya kazi, litumieni, namba za miaka sita nyuma bado zimo mle zimekaa kama za jana.

Kwa hiyo nyota tatu. Moja ya bure kweli, sijawahi kudaiwa hata senti. Moja ya maoni. Moja ya lile chujio la tarehe, na kwa sababu kabla ya hizi tovuti ilikuwa unamuuliza mtu analipwa ngapi anakuangalia kama umemuuliza ana deni la nani. Mbili nimezizuia kwa ile namba kubwa ya mwaka na kwa kukosa kisanduku cha malazi.

Ya kwangu niliijaza, nikachagua "kwa saa", nikaandika 20, wiki 12, malazi wamelipa. Imetokea kwenye ukurasa kama 41,600 kwa mwaka. Malazi hayapo. Nimeomba wairekebishe mara tatu na kila mara wananijibu kwamba wamepokea na wanashukuru kwa mchango wangu.